Siku ya Kukandwa

Walimpiga Kidanka mchana kweupe, katikati ya mnada wa ng'ombe, na hakuna aliyenyanyua hata kidole kuwazuia. Walikuwa wachungaji watatu, vijana wadogo tu, ambao mwaka mmoja nyuma wangehama njia kwa hofu ya kukutana naye. Sasa walimpiga mateke ya mbavu kwa zamu huku wakicheka, naye alijaribu kujikinga kwa mikono iliyoning'inia kuanzia kwenye viwiko kama soksi zilizoanikwa. Mmoja alimvua kiatu akamchapa nacho usoni mpaka damu ikamtoka puani. Wachuuzi waliendelea kupima chumvi.

Daktari Sikitu Mghenyi alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akatazama. Tuseme ukweli, hakuwa na haraka ya kushuka. Yule aliyekuwa akigaragazwa kwenye mavi ya ng'ombe ndiye aliyemkata panga Salome, mdogo wake wa tumbo moja, siku Kidanka na kaka zake walipovamia kinu cha alizeti cha familia yao. Panga lilipita kwenye jicho la kushoto likashuka mpaka kidevuni. Kwa hiyo kila teke lililotua lilimpa daktari raha, na raha ile ilikuwa tamu zaidi kwa sababu mikono ile iliyolegea ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Sheria ilikuwa imefuta magereza kwa wote waliomwaga damu. Ukihukumiwa, ulichomwa sindano kwenye misuli ya mkono inayokunja ngumi, chini ya kiwiko, kisha ukarudishwa kwenu. Bega lilibaki na nguvu zake na kiwiko kilikunjika, lakini vidole havikushika kitu. Kijiko ulifungiwa kwenye kiganja, na panga ukalisahau. Sindano moja ilikaa mwaka mzima, na mwaka ukiisha ulichomwa nyingine. Watu kama hao waliitwa walegezwa, na sheria iliyowalegeza ilikataza pia kuwagusa. Hilo la pili watu wa mnadani walilichukulia kama ushauri.

Kilichomtoa Sikitu garini hakikuwa huruma. Mama mmoja muuza uji alimwonea Kidanka imani, akamwinua kichwa na kumpa maji, na maji yale yakamrudi kupitia puani. Kidanka akakohoa, kikohozi dhaifu kisicho na mlio. Kope zake zilikuwa zimemwangukia, akawa analazimika kuegemeza kichwa nyuma ili amwone aliyemshika. Kijana wa kiatu akamtia teke jingine. Kidanka akafungua mdomo kupiga yowe, ikatoka hewa tupu.

Sikitu akafungua mlango wa gari. Mikono ile aliichoma yeye, lakini koo hakulichoma mtu.

Alishuka akiwa anapiga kelele kwamba yeye ni daktari wa ulegezaji na kwamba angewaandikia wote watatu sindano kabla jua halijazama. Walitimka wakaacha hata fimbo zao. Afande Mwiru, mlinzi wa kituo aliyekuwa naye garini, akambeba Kidanka begani na kumlaza kiti cha nyuma. Kidanka alikuwa mzito na hakujisaidia hata kidogo. Njia nzima Sikitu aliendesha huku akimsikiliza anavyopumua, na pumzi zilikuwa fupi.

*

Kituo cha Ulegezaji kilikuwa nje ya mji wa Singida, juu ya kilima chenye mitambo ya upepo, mahali ambapo hakuna jirani wa kulalamika. Sikitu alimlaza Kidanka kwenye kitanda cha chumba cha matibabu, akamfunga barakoa ya mashine ya kupumulia, akaanza kumpima. Alimwambia anyanyue shingo, ikashindwa. Alimwambia atoe ulimi, ukaishia kwenye meno. Alimfinya unyayo, akaona chozi linamtoka. Hapo ndipo alipoketi.

Sumu aliyoitumia haikuwa ngeni duniani. Ni ile ile ya kijidudu kinachoota kwenye nyama ya kopo iliyoharibika, botulini, ambayo mababu zetu matajiri walijichoma usoni ili wasionekane wazee, na madaktari wakaitumia kulegeza misuli iliyokakamaa. Inaingia kwenye ncha ya mshipa wa fahamu na kukata kile kinachopeleka ujumbe kwenye msuli. Ubongo unaamuru na msuli hausikii. Akili haiguswi, maumivu hayapungui. Mtu anaweza kulegea mwili mzima akabaki anawasikia wanaomjadili kama ameshakufa.

Sumu ya kawaida hukaa miezi michache, na serikali ilitaka mwaka. Sikitu akaivika ganda ili itoke kidogo kidogo na kuingia kwenye mishipa kwa siku kadhaa badala ya kuingia kwa mkupuo, na hivyo ikadumu mwaka. Kazi hiyo ilimpa jina na kituo. Na katika siku hizo kadhaa, kabla haijaingia yote, sumu ilikuwa huru ndani ya nyama ikisubiri. Aliijaribu kwa panya na kwa mbuzi, na haikusogea hata kidogo kutoka pale ilipochomwa. Lakini panya wa maabara hana mama wa kumkanda.

Hilo ndilo lililomkaba sasa. Sheria ilipoanza watu waliikataa, wakaiita uchawi wa serikali. Wazee wa mji wakaja na shauri lao: kama mtu ameumizwa mikono basi akandwe, kama anavyokandwa mzazi au aliyeanguka mtini, kwa maji ya moto na mafuta ya alizeti ya uvuguvugu. Nyumba yake itoe mtu wa kumkanda, na nyumba aliyoikosea itoe mtu mwingine, ili chuki iishie pale pale kwenye beseni. Sikitu alilipenda shauri hilo mpaka akatokwa na machozi. Yeye mwenyewe alikandwa na mama yake kila alipojifungua, na angemcheka mtu ambaye angemwambia kwamba kukanda kunaweza kumdhuru binadamu. Akanunua mabeseni. Akapanga siku ya tatu baada ya sindano iwe siku ya kukandwa, hapo kwenye baraza la kituo chake. Hakujiuliza hata mara moja joto na vidole gumba vinaifanya nini dawa ambayo bado haijatulia.

Sasa wakaanza kumjia kichwani mmoja mmoja. Yule mzee aliyesema shingo inamchoka. Yule fundi baiskeli aliyefia usingizini, naye Sikitu akasema ni pumu. Hango, kaka mkubwa wa Kidanka, ambaye tangu alegezwe alizungumza kwa puani, na watu wakamtania kwamba amekuwa mzungu. Wote hao walikandwa na wake zao na mama zao, kwa upendo, na kadiri upendo ulivyozidi ndivyo dawa ilivyotembea.

Ila hakuna aliyefikia hali ya Kidanka. Na Kidanka hakuwa na mama wala mke. Alikuwa ametoroka, akakamatwa karibu mwaka mzima baada ya kaka zake, na siku yake ya kukandwa, wiki moja tu iliyopita, alikuja mtu mmoja peke yake.

Salome aliingia na kikapu cha chakula, kama alivyofanya kila mchana. Alimwona aliye kitandani, akaweka kikapu chini taratibu, akavuta kiti. Kovu lake lilikuwa limeivuta midomo upande mmoja, mtu asiyemjua angedhani anatabasamu.

"Ulimkanda wapi?" Sikitu aliuliza.

"Mikono."

"Salome."

"Mikono, mabega, shingo. Nikashuka kifuani." Alisema bila kuinua sauti. "Nilimkanda vizuri, dada. Hata yeye mwenyewe alinishukuru. Akalia akaomba msamaha, nami nikaongeza maji ya moto."

Sikitu alimuuliza kama alijua. Salome akamjibu kwamba alijua tangu sauti ya Hango ilipobadilika, maana alimwona mkewe anavyomkanda, mpaka mabegani, mpaka chini ya masikio. Kila aliyekandwa sana alilegea kwingine. Mtu yeyote angeliona hilo kama angetazama.

"Wewe ulikuwa unatazama ngumi tu," alisema. "Mimi na hili jicho moja niliona."

Ukutani, nyuma ya Sikitu, kulikuwa na kiboksi chekundu cha kingasumu, dozi moja iliyowekwa kwa ajili ya mfanyakazi atakayejichoma kwa bahati mbaya. Ilikuwa haitibu kilichokwisha kuingia kwenye mishipa, hicho husubiri miezi mingi mpaka mishipa iote upya. Ila ilikuwa inaikamata sumu iliyo huru kabla haijafika kwenye ule msuli mpana chini ya mapafu. Mashine ile ndogo iliweza kumsaidia mtu mwenye kifua dhaifu. Kumpumulia mtu ambaye kifua chake kimekufa kabisa haikuweza. Bila kingasumu, Kidanka asingeona kesho.

Lakini kiboksi kile ukikifungua kilijipigia chenyewe simu mkoani. Kilisema dawa imetoka mahali pake. Siku hiyo hiyo vituo vyote vingefungwa na sindano zote kusimamishwa, na mwaka wa Hango ulikuwa unakwisha.

"Ukifungua hicho, mwezi ujao Hango ana ngumi," Salome alisema, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo mara nyingi akiwa peke yake. "Atajua nilichofanya. Atakuja nyumbani. Safari hii hatakuja kukata jicho." Akakivuta kikapu karibu. "Funga mlango, tule. Utasema ni pumu. Mbona ulishawahi kusema?"

Hilo lilimchoma Sikitu kuliko sindano yoyote. Alisimama mbele ya kiboksi mkono ukiwa kwenye kifuniko, na hakika alitamani kuurudisha. Alimpenda mdogo wake. Alimchukia mtu yule. Angetoka tu nje akavute hewa kidogo, asingelazimika kufanya chochote, na mambo yangejimaliza yenyewe.

Akageuka kumtazama Kidanka. Kope moja ilikuwa imebaki wazi kidogo pale alipoiinua wakati wa kumpima, na ndani yake jicho lilikuwa linamtazama yeye, likatoka kwake likaenda kwa Salome, likarudi. Alikuwa amesikia kila neno. Kumwacha mtu afe ni jambo moja, na kumwacha afe huku amesikia shauri zima likikatwa ni jambo jingine, na Sikitu akagundua kwamba hilo la pili halimo ndani ya uwezo wake. Akafungua kiboksi. Kikalia mlio mrefu. Akaitoa sindano, akaibonyeza kwenye paja la Kidanka, na taa ndogo ya kiboksi ikaanza kumweka.

Salome alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

*

Kina Hango walifika kabla mtu wa mkoani hajapiga simu ya kujibu. Habari za mnadani zilikuwa zimewafikia zikiwa zimetiwa chumvi: kwamba Kidanka amepigwa mpaka karibu na kufa, kisha daktari akamchukua kwenda kummalizia. Walikuwa wawili, Hango na mdogo wake Sinda, wote walegezwa. Afande Mwiru aliwaona wanapanda kilima na wala hakuchukua rungu lake. Mlegezwa utampigia nini rungu?

Kosa lake. Wake zao walikuwa wamewafunga nondo kwenye mikono kwa mipira ya tyubu za baiskeli, kutoka kiwikoni mpaka kupita ncha za vidole. Bega lilikuwa na nguvu, na bega ndilo lililofanya kazi. Hango aliuzungusha mkono wake wote kama mtu anayepura alizeti, nondo ikatua juu ya sikio la afande. Afande akaenda chini. Sinda akampiga ya pili akiwa chini, na ya tatu, na kutoka ndani Salome na Sikitu walisikia mlio wa kila moja.

Mlango ulivunjika kwa pigo moja. Hango aliingia akiwa na damu isiyo yake mpaka shingoni. Alimwona mdogo wake amelala na kitu usoni na mpira unaotoka kwenye kitu hicho kwenda kwenye mashine inayokoroma, naye hakuwa mtu wa kuuliza mashine inafanya nini. Katika kituo kile hakuna chombo kilichowahi kumgusa kikamwacha na nguvu zaidi. Sikitu alimpigia kelele kwamba ile ndiyo inayompumulia. Sinda alikuwa ameshaipiga. Alipiga mpaka kioo kikaruka, akaupiga mtungi wa hewa ukaanguka, akaivuta mashine kwa mguu ikapasukia sakafuni. Kukawa kimya.

"Nani amemfanya hivi?" Hango aliuliza. Sauti ilimtokea puani, na safari hii hakuna aliyeona kichekesho. "Alikuwa anatembea. Juzi tu tumekula naye. Nani?"

Salome alikuwa amebanwa kwenye kona kati ya kabati na ukuta, hana hata pa kukimbilia. Sikitu alijua kwamba akimtazama, hata kwa kupepesa tu, yameisha. Kitandani, jicho moja lililo wazi lilikuwa linahangaika kuelekea kwenye ile kona. Kidanka alitaka kusema. Hakuwa na cha kusemea.

"Mimi," Sikitu alisema. "Dawa yangu inatembea. Haikai pale ninapoichoma. Hata wewe imekufika kooni, Hango, sikia unavyozungumza. Mimi ndiye niliyeitengeneza na mimi ndiye niliyesema haitembei."

Ulikuwa ukweli, na ulikuwa nusu. Hango alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauzungusha mkono. Sikitu aliinua wake wa kulia kujikinga uso, nondo ikaupiga katikati, na mfupa ukavunjika kwa mlio mkavu uliosikika chumba kizima. Alianguka juu ya vipande vya mashine. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno, akatapika. Hango akauinua mkono tena, safari hii kwa kichwa.

"Kaka," Sinda aliita. "Hapumui."

Kifua cha Kidanka kilikuwa kinacheza kidogo sana, kama kinasitasita, kisha kikaacha. Midomo ilianza kugeuka rangi. Jicho lilikuwa wazi, na mtu yeyote aliyelitazama aliona kwamba mwenyewe yumo ndani na anajua.

Hango akaushusha mkono. Sikitu alijivuta kwa kiwiko mpaka kitandani huku akipiga kelele wampe mfuko, ule mfuko wa mpira pale ukutani, wa kubanwa kwa mkono, unaopeleka hewa kwenye barakoa. Sinda alijaribu kuutungua kwa nondo, ukamdondokea miguuni, na hakuweza kuuokota. Hango alipiga magoti, akausukuma kwa viwiko mpaka kitandani. Sikitu aliunganisha barakoa kwa meno na mkono mmoja. Aliibana usoni kwa Kidanka kwa ule mkono wa kushoto aliobakiwa nao, vidole vikiinua taya ili koo lifunguke, na hapo mkono wake ukawa umekwisha. Hakuwa na mwingine wa kubana.

"Bana," alimwambia Hango.

Hango aliuweka mfuko kati ya viwiko vyake na kubana. Ulimchomoka ukaruka pembeni. Aliurudisha, akaubana kwa kidevu na kifua, ukatoa mlio mdogo wa upepo unaopita pembeni. Akajaribu tena. Nondo ziligongana mbele ya uso wa mdogo wake. Vidole vyake kumi vilikuwa pale pale, vizima, vimefungwa juu ya vyuma, na havikuwa na faida hata ya kushika mfuko wa hewa. Mtu yule aliyekuja kuua alianza kulia kwa kwikwi, kwa sauti yake ya puani, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni.

Kisha akainua kichwa akamwona Salome kwenye kona.

"Dada," alisema. "Una mikono."

Salome alitoka. Alipita juu ya vioo, akampita Sinda, akasimama upande wa pili wa kitanda. Aliutazama uso wa dada yake uliojaa jasho na matapishi, akautazama ule mkono uliovunjika, naye alielewa ulivunjika kwa ajili ya nani. Akauchukua mfuko.

"Ananisikia?"

"Anakusikia," Sikitu alisema. "Kila kitu."

Salome akainama mpaka jicho lake moja likakutana na lile la Kidanka. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kaka zake Kidanka walisikia, na Sinda akafunga macho.

"Nilitaka ufe," alisema. "Bado nataka."

Akabana. Kifua kikapanda. Akaachia, kikashuka, akabana tena, na midomo ikaanza kurudi rangi yake. Hango alikuwa anavitazama vidole vile vya mwanamke kama ambavyo hajawahi kutazama kitu maishani. Nje, mitambo ya upepo iliendelea na kazi. Simu ya kituo ikaita, kifaa cha ukutani kikaipokea chenyewe, na sauti ya kijana wa mkoani ikasema kwamba taarifa ya kiboksi imefika, sindano zote zimesimamishwa kuanzia saa hii, gari la wagonjwa litatumwa, wavumilie.

Hango aligeuza shingo kuisikia vizuri ile habari ya sindano. Salome alimwona anavyoisikia.

Mkono wake ukatulia juu ya mfuko.

Kifua cha Kidanka kilikuwa kimeshuka, nao ulikuwa wakati wa kukipandisha. Sikitu alisubiri. Alikuwa na uwezo wa kuinua taya na kubana barakoa, lakini kuikunja ngumi ya mdogo wake hakukuwa kwenye uwezo wake, wala hakuna dawa aliyowahi kuitengeneza kwa ajili ya kazi hiyo. Alitaka kusema jina lake, akaogopa kwamba hata jina lingeweza kuharibu. Jicho la Kidanka lilikuwa limeganda kwenye uso ule wenye kovu.

Salome akabana.

Kijana wa mkoani alikuwa bado hewani. Aliomba radhi kwamba gari la karibu lilikuwa kwenye kazi nyingine, na kwamba ndiyo kwanza linatoka Manyoni, mwendo wa kama saa mbili.